Daraja Lipi?

Zipo familia duniani ambazo kila mwaka baba na mama hukaa mezani na kulinganisha bei za meli za matembezi kama sisi tunavyolinganisha bei za dagaa. Ipo meli inaitwa Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024 kutoka Miami kule Marekani. Ina sitaha 20 na inaweza kubeba abiria hadi 7,600, yaani kijiji kizima na mifugo yake, na ndani yake yamo mabwawa ya kuogelea na michezo ya watoto. Chumba hupangiwa bei kwa watu wawili, na wa tatu na wa nne, ambao mara nyingi ni watoto, hulipa pungufu. Chakula kimo humo humo ndani ya nauli. Lakini soda, intaneti na bakshishi za watumishi ni juu yako, kwa hiyo mwenye familia anayeshangilia bei ya tangazo hukutana na bei ya kweli siku ya kushuka.

Nimeyasoma hayo nikacheka peke yangu, maana nasi nyumbani kwetu Nyakato tumewahi kukaa kikao cha namna hiyo, tena cha siku tatu. Tofauti ni kwamba wale wanapanda meli ili wazunguke na warudi pale pale walipoanzia. Sisi tulikuwa tunampeleka Bibi kwao.

Bibi alikuja Mwanza kutibiwa nyonga. Alikaa nasi miezi minne, akilala chumba cha mbele ambacho kwa kawaida ndiyo ofisi yangu (nasema ofisi, lakini ni meza, taa, na madaftari manne ya riwaya isiyokwisha). Siku moja baada ya chai akasema, "Wanangu, waitu, mmenitunza vya kutosha. Nirudisheni Kamachumu nikiwa ninakaa, msingoje mnirudishe nimelala." Hakuna aliyemjibu. Baba alitoka nje akaenda kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kesho yake Baba, ambaye kazi haikumruhusu kusafiri, akatoa fedha. Akaniita mimi kwa sababu ndiye niliyemaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani, na kwa imani ya Baba mtu anayeshinda na kalamu mkononi lazima ajue hesabu. "Hizi ndizo zilizopo," akasema. "Tafuta usafiri wa watu wote, urudi na mahesabu."

Watu wote maana yake ni Bibi, Mama, Dada na mtoto wake wa miezi kumi, mdogo wangu wa darasa la tano, na mimi.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji. Sitataja nauli kwa shilingi, kwa sababu nauli hupanda, na gazeti hukaa chini ya godoro miaka kumi kisha mtu akalitoa na kusema mwandishi alikuwa mwongo. Tufanye kama alivyotufundisha mwalimu wa hesabu: tuite nauli ya mtu mzima katika daraja la tatu la meli ya Bukoba *x*. Kwa bei nilizoandikiwa siku ile, daraja la pili la kukaa lilikuwa x moja na robo na ushee. Daraja la pili la kulala lilikuwa kasoro kidogo x mbili. Daraja la kwanza, chenye kitanda chake na mlango wake, lilivuka x mbili na nusu. Mtoto wa darasa la tano alilipa nusu, na wa kupakatwa hakulipa kitu. Fedha ya Baba nzima ilikuwa x saba.

Sasa hesabu zinajifanya zenyewe. Wote daraja la tatu: x nne na nusu, tunabaki na x mbili na nusu za chakula, wapagazi na gari la kutupandisha Kamachumu. Wote daraja la pili la kukaa: karibu x sita. Bibi daraja la kwanza na sisi wengine daraja la tatu: x sita na ushee, na kinachobaki hakimalizi hata gari la Kamachumu. Wote tulale daraja la pili: fedha haitoshi, futa.

Niliyaandika hayo kwa kalamu nyekundu na buluu, nikajiona nimemaliza kazi. Mama akaisoma ile karatasi, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna kingine, akaniuliza, "Basi liko wapi?"

Mama hapendi maji, na sababu yake nitaieleza. Lakini siku ile alikuwa na hoja nzito kuliko ya kupenda na kutopenda. Hoja yake ilikuwa daraja, lakini si daraja la tiketi, daraja lenyewe la zege. Zamani mtu wa Mwanza akisema anakwenda Geita au Bukoba kwa barabara, alikuwa anasema pia kwamba atakaa Kigongo kungoja kivuko, na kungoja kule kulikuwa na wenyewe: wauza mahindi ya kuchoma, wauza maji, foleni ya malori na mabasi mpaka mtu anasahau alikokuwa anakwenda. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua daraja la Kigongo hadi Busisi, lililopewa jina la John Pombe Magufuli, urefu wake kilometa 3 juu ya maji. Safari yetu ilikuwa ya baada ya hapo. Yale masaa ya kivuko yakawa dakika chache. "Unapita ziwa huku umekaa kwenye gari, hujalowa hata ukucha," Mama alisema. "Asubuhi uko Nyegezi, jioni uko Muleba. Meli ya nini?"

Kwa kweli nilikosa la kusema. Nikaenda stendi ya Nyegezi, kutoka Nyakato ni kuvuka mji mzima, nikauliza. Nauli ya basi ilikuwa imepita x, na kwenye basi mdogo wangu alihitaji kiti chake, na kiti hakijui kwamba anayekikalia ni wa darasa la tano. Jumla ilikaribia fedha yote ya Baba. Hata hivyo basi lilikuwa na faida ambayo meli haina. Kamachumu iko Wilaya ya Muleba, na basi la Bukoba hupita Muleba. Tungeshuka njiani, karibu zaidi na kwetu. Meli ingetupeleka mbele kisha tukodi gari kurudi nyuma. Watu wengi hulinganisha tiketi na tiketi, wanasahau kwamba tiketi ni kipande tu cha safari. Kuna bajaji ya kwenda kituoni, kuna mpagazi ambaye akiona mgonjwa anapandisha bei, kuna chai ya mtoto, na ukifika usiku kuna gesti.

Nikaongeza mistari hiyo yote kwenye karatasi. Basi likawa linashinda. Mama akatulia.

Ndipo Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka tukidhani amesinzia, akauliza swali moja: "Hilo basi lenu likisimama njiani, watu huenda wapi?"

Msomaji aliyewahi kusafiri na basi anajua jibu. Konda hupiga kelele "kuchimba dawa!", dereva anasimama porini, wanaume kushoto, wanawake kulia, dakika tano, twende. Kijana anaruka mtaro na kurudi. Sasa mweke pale mwanamke wa miaka 80 na kitu, mwenye nyonga isiyokunjika, aliyeheshimika maisha yake yote, ashushwe ngazi za basi na kuvushwa mtaro na wajukuu mbele ya abiria 50 wanaochungulia saa. Halafu mara ya pili, na mara ya tatu.

"Nitakaa bila kunywa maji tangu jana yake," Bibi alisema. "Naweza. Lakini mniulize kwanza."

Nilitazama karatasi yangu. Hapakuwa na mstari wa jambo hilo. Nauli ya basi nilikuwa nayo, masaa nilikuwa nayo, lakini choo sikukipa bei. Nadhani hata wale wa Miami hawakiwekei bei, kwa kuwa kwao kila chumba kinacho. Kwa familia yenye mzee au mtoto mchanga, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kuuliza, na vyote viwili tulikuwa navyo. Melini mtu huinuka, hushikwa mkono, huenda, hurudi, na hakuna anayepiga honi.

Mama alinyamaza usiku ule. Najua alikuwa anafikiri nini, kwa sababu mtu anayekaa Nyakato hahitaji kukumbushwa. Ukitoka kwetu ukashika barabara ya Musoma, kituo kikubwa kinachofuata ni Igoma, na Igoma ndiko waliko watu wa MV Bukoba.

Meli ile ilijengwa mwaka 1979, ikapewa kibali cha abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba na kupitia Kemondo ambako iliongeza abiria na mizigo, ilipinduka ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika Mwanza, karibu na Bwiru. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800, na wapo wanaosema walikaribia 1,000. Waliookoka walikuwa 100 na ushee. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Mama wakati huo alikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa hapa Mwanza, na anachokumbuka ni watu waliojipanga Uwanja wa Nyamagana kutafuta ndugu zao kati ya miili iliyoletwa pale. Hasemi zaidi ya hapo. Akifika kwenye neno "Nyamagana" huanza kutafuta kitu jikoni.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini kuna jambo moja la ajali ile nililolisoma nikiwa kidato cha tatu na halijanitoka mpaka leo. Orodha ya majina ya abiria ilikuwepo, watu 443, ila ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa husemwa kwa makadirio. Hakuna aliyejua waliopanda ni wangapi, kwa hiyo hakuna anayeweza kutoa na kupata jawabu.

Hebu tulifikirie hilo taratibu. Tunaambiwa tofauti ya daraja na daraja ni godoro, feni, mlango wa kufunga, pengine kiti chenye foronya. Kumbe mwaka ule tofauti ilikuwa pia jina. Aliyelipa zaidi aliandikwa. Aliyelipa x alihesabiwa kwa kukisia.

Na msije mkaniambia ni mambo ya umaskini wa Afrika na kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa. Titanic ilizama mwaka 1912, na kule pia daraja liliamua mambo: katika abiria wa daraja la kwanza waliokoka zaidi ya nusu, wa daraja la tatu akaokoka mmoja hivi katika kila wanne. Ni aibu yao. Lakini hata wale wa chini kabisa, wahamiaji wenye vifurushi, majina yao yalikuwa yameandikwa, kwa kuwa Marekani ilitaka orodha ya kila anayeingia. Miaka 84 kabla ya MV Bukoba.

Katika miezi ile minne Bibi aliniomba mara moja nimpeleke Igoma. Tulikwenda kwa bajaji, yeye amekaa upande kwa ajili ya nyonga. Hakuwa na mtoto wake pale. Alikuwa na watu wa kijijini kwake, wengi, wa rika la wanawe, waliopandia Kemondo na mikungu ya ndizi kuja kuuza Mwanza. Alisimama kwenye makaburi akashika fimbo kwa mikono miwili. Akaniambia kwamba kwao siku zile watu walikuwa wanasikiliza redio kutwa nzima wakisubiri majina, na kuna mama mmoja jirani aliyesubiri jina la mwanawe wiki nzima, mpaka mtu mwenye akili akamwambia asingoje, mwanawe alipanda chini. "Hakusomwa," Bibi alisema. Alitumia neno hilo hilo, hakusomwa, kama vile ndilo jina la ugonjwa uliomuua.

Nirudi kwenye hesabu. Mwenye kufikiri atasema basi jambo ni rahisi, lipa daraja la juu uwe salama. Hapana. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama kikiwa kinakaribia Ukara, kule Ukerewe. Kivuko hakina daraja la kwanza. Kila mtu amesimama na gunia lake, mwalimu na mvuvi na bibi harusi. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Pale hapakuwa na mtu aliyeweza kununua nafasi bora kwa fedha yoyote. Kinachoua si bei ndogo ya tiketi. Ni tiketi ya mia mbili kukatwa kwenye chombo cha mia moja. Kwa hiyo anayelinganisha vyombo kwa ajili ya familia yake aulize, kabla ya kuuliza bei ya chumba, chombo hiki kinabeba wangapi, na nani anahesabu.

Nilikwenda Bandari ya Mwanza Kaskazini nikiwa na maswali hayo mfukoni. Meli ya kwetu ilikuwa MV Victoria, na huyo ni mzee kuliko Baba. Alitengenezwa Uskoti, Glasgow, akaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, akaanza kazi mwaka 1961, kabla bendera yetu haijapanda. Siku za Afrika Mashariki ya pamoja alizunguka ziwa zima. Akachoka, akasimama miaka kadhaa, akafumuliwa na kutengenezwa upya, akarudi majini mwaka 2020. Uwezo wake ni abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Niliuliza jaketi za kuokolea ziko wapi, nikaonyeshwa, nikahesabu safu mpaka aliyenionyesha akaanza kunitazama kama mtu mwenye kasoro. Nikauliza majina. Akasema kila tiketi ina jina, daraja lolote.

Bibi nilipomwambia meli ni Victoria alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameipanda akiwa bibi harusi, akimfuata Babu aliyekuwa akifanya kazi kwenye kinu cha pamba Mwanza. Daraja la tatu, na kuku wawili. Anasema walikula ndizi za kuchoma, na Mhindi mmoja wa daraja la kwanza alishuka kuja kununua kuku, Babu akakataa kwa sababu kuku walikuwa wa mahari. Sijui kama kuku wa mahari husafirishwa kwenda kwa bwana harusi, nadhani hapo hadithi imenoga, lakini siwezi kumsahihisha Bibi kuhusu harusi yake.

Kikao cha tatu. Mama alikuwa amekubali meli, kwa sababu ya choo, na kwa masharti. Sharti la kwanza, Bibi alale daraja la kwanza. "Tutajibana sisi."

Bibi akakataa. Nilidhani anakataa kwa ajili ya gharama, kama wazee wote. Kumbe alikuwa na hesabu yake. "Mnanifungia chumbani peke yangu na mtu nisiyemjua. Usiku nikitaka kuinuka, nani wa kunishika? Nimwamshe tajiri wa watu?" Akasema kitanda bila mtu wa kukuinua ni sawa na jeneza lenye shuka. Mama akasema, "Mama, jamani!" lakini hoja ilikuwa imepita. Ile x mbili na nusu ya daraja la kwanza ingemnunulia Bibi godoro na kumnyang'anya mikono minne. Kwake yeye daraja la kwanza lilikuwa baya kuliko la tatu.

Ikabaki njia moja ambayo sikuwa nimeiandika: Bibi, Mama na Dada na kichanga chake walale daraja la pili, mimi na mdogo wangu tukae la tatu. Nikapiga. X saba na ushee. Fedha ya Baba ilikuwa x saba, na bado gari la Kamachumu, na bajaji, na wapagazi.

Bibi akafungua pindo la kanga. Fedha ya kahawa ya msimu uliopita, imekunjwa mpaka noti zimekuwa kama majani makavu. Ikahesabiwa mbele ya wote, x moja na nusu. Mama hakutaka ipokelewe. Bibi akasema, "Mlinileta kwa fedha zenu. Kurudi ni kwangu." Nikaandika kwenye karatasi: *Bibi, x 1½*. Ilikuwa mara ya kwanza mchango wake kuandikwa popote katika nyumba yetu, na aliniomba nimsomee.

Kisha akatoa sharti lake. "Mnaokaa chini muandikwe kwanza. Na huyu," akamgusa mtoto mgongoni kwa Dada, "naye aandikwe."

Nikamweleza kwamba anayepakatwa halipi, na asiyelipa hana tiketi. Akasema hakuuliza habari ya kulipa.

Dirishani palikuwa na foleni. Nilitaja majina, karani akaandika, nikalipa, akanirudishia chenji. Nikasema, "Bado mmoja." Akauliza umri. Akasema huyo bure, nenda tu. Nikasema najua bure, naomba umwandike. Nyuma yangu mtu akasonya. Karani akanitazama, kijana wa umri wangu tu, nikadhani atanifukuza. Akauliza, "Kwenu ni wapi?" Nikasema Kamachumu. Akavuta daftari, hakusema kitu. "Jina?"

Nyumbani yule mtoto tunamwita Babu, kwa kuwa amechukua jina la Babu mzaa Baba. Jina lake la ubatizo nililijua, la ukoo nililijua, lakini hilo la katikati, la Kihaya, ambalo Bibi mwenyewe alimpa, hutajwa siku za sherehe tu na tahajia yake ina vishimo. Nikampigia Dada. Dada akampa simu Bibi. Bibi akalitaja silabi moja moja kwa sauti ya kusikika mpaka kwa yule aliyesonya, mimi nikarudia, karani akaandika, akageuza daftari nikahakikisha.

Safari yenyewe haina mengi. Tuliondoka usiku. Daraja la tatu lilijaa watu na mizigo ya biashara, lakini kila mtu alikuwa na kiti chake. Mdogo wangu alilala juu ya begi tangu taa za Mwanza zilipopotea. Mimi sikulala, nilikuwa najaribu kuandika, na meli inatikisa mwandiko. Kila nilipopanda juu kuwaangalia nilikuta Bibi yuko macho, Mama naye macho, wameshikana mikono kitanda kwa kitanda, wanazungumza habari za bei ya kahawa. Aliinuka mara tatu usiku kucha. Mara tatu alikuwepo wa kumshika. Alfajiri tulipokaribia Kemondo aliomba asogezwe palipo na dirisha, akatazama nje mpaka tukapita.

Gari la kutoka Bukoba mpaka Kamachumu lilikula karibu yote iliyobaki. Wapagazi walitutoza zaidi ya nilivyokadiria, kwa sababu walimwona Bibi. Chai tulikuwa nayo kwenye chupa.

Mama alikaa wiki mbili kijijini, akarudi Mwanza kwa basi, akapita juu ya daraja, akanipigia simu akiwa katikati ya ziwa kuniambia hajalowa. Mimi nilirudi peke yangu na Victoria, daraja la tatu, x moja, na mikungu minne ya ndizi ambayo nauli yake sikuwa nimeiweka kwenye hesabu ya mtu yeyote.